Ufadhili wa masomo ya juu kwa mwanafunzi Mrusi: nani anateua, nani analipa, na fedha zinapita wapi

Huku kwetu Afrika Mashariki, maneno "Urusi" na "ufadhili" yakitajwa kwa pamoja, fikra huelekea upande mmoja tu: vijana wetu wanaopanda ndege kwenda Moscow, Voronezh au Kazan kusomea udaktari na uhandisi, baadhi yao wakiingia katika chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1960, kikapewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961, kikaondolewa jina hilo mwaka 1992 na kurudishiwa mwaka 2023. Upande wa pili wa safari hiyo hauzungumzwi sana. Warusi nao hutafuta ufadhili wa kusoma shahada ya uzamili au ya uzamivu nje ya nchi yao, na mara nyingi nafasi wanazozigombea ndizo tunazozigombea sisi: kijana wa Morogoro au wa Eldoret anayejaza fomu ya Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya kwa shahada ya uzamili, mwezi Desemba yumo katika foleni moja na kijana wa Tomsk. Kinachowatenganisha ni kwamba tangu Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi Februari 2022 Mrusi amewekewa njiani vizuizi ambavyo havihusiani kabisa na alama zake za darasani, na mtu asiyevijua hawezi kuelewa kwa nini mwanafunzi hodari, mwenye barua ya udahili mkononi, anaweza kubaki nyumbani.

Matatizo yenyewe si mapya. Mwaka 1736 Akademia ya Sayansi ya St Petersburg iliwatuma vijana watatu Ujerumani wakajifunze kemia na madini. Mmoja wao alikuwa Mikhail Lomonosov, mtoto wa mvuvi kutoka pwani ya kaskazini, ambaye leo Chuo Kikuu cha Moscow kinaitwa kwa jina lake. Walianzia Marburg kwa mwanafalsafa Christian Wolff, kisha wakapelekwa Freiberg kwa Johann Friedrich Henckel, mtaalamu wa madini. Kule Marburg waliacha madeni, na walipofika Freiberg fedha zao zilikuwa mikononi mwa Henckel, ambaye aliwapimia kidogo kidogo. Lomonosov akagombana naye, akaondoka mwaka 1740 bila ruhusa, na mwaka 1741 akarudi kwao. Nimeanza na kisa hiki kwa sababu maswali yaliyomkabili yeye ndiyo yanayomkabili mwanafunzi wa leo: nani kamtuma, nani ameshika fedha, na anadaiwa nini akimaliza. Watu wengi huanza na swali la kiasi, "wanalipa shilingi ngapi?", na nadhani hapo ndipo wanapopotea. Kiasi huja baadaye.

Tuanze na mtumaji wa kwanza, ambaye ni serikali ya Urusi yenyewe. Tangu miaka ya 1990 kumekuwa na ufadhili wa Rais kwa ajili ya wanafunzi wanaokwenda kusoma nje, lakini huo ulikusudiwa watu ambao tayari wameandikishwa katika vyuo vya Urusi na wanaokwenda nje kwa muda kisha kurejea katika chuo kilekile. Mpango mkubwa zaidi ulikuja kwa amri ya Rais ya mwezi Desemba 2013, ukaitwa Elimu ya Ulimwengu, au kwa Kirusi Globalnoye Obrazovaniye, na uendeshaji wake ukakabidhiwa Shule ya Uongozi ya Skolkovo iliyo nje kidogo ya Moscow. Utaratibu wake ulikuwa tofauti na ule tuliouzoea. Mwombaji alitakiwa kwanza ajitafutie mwenyewe nafasi katika chuo kimojawapo kilichomo kwenye orodha ya vyuo vikuu bora duniani iliyoidhinishwa na serikali, katika fani zilizotajwa, kama vile sayansi, uhandisi, tiba, ualimu na uongozi wa huduma za jamii. Akishapata barua ya udahili ndipo serikali iliingia na kulipa ada na gharama za kuishi, hadi rubo milioni 2.76 kwa mwaka.

Sharti kubwa lilikuwa la kurudi. Mhitimu alipaswa kufanya kazi Urusi kwa muda usiopungua miaka 3 kwa mwajiri aliyemo kwenye orodha ya mpango huo, na asipofanya hivyo alirudisha fedha zote na faini juu yake. Majirani zao wa Kazakhstan walikuwa wametangulia na mpango wa Bolashak tangu mwaka 1993, nao hudai dhamana ya mali, kwa mfano nyumba ya wazazi, kabla ya mwanafunzi kuondoka. Naona sharti la namna hii ni la haki likiandikwa wazi, kwa sababu fedha ni za walipa kodi na nchi ina haki ya kutaka wataalamu wake. Lakini mwanafunzi anapaswa kulisoma kama mkataba wa mkopo. Mtu wa miaka 22 anapotia saini kwamba atafanya kazi mahali fulani akiwa na miaka 27, anaahidi kwa niaba ya mtu ambaye bado hajamjua.

Mtumaji wa pili ni nchi mbili zilizokubaliana. Hapa ndipo penye mkanganyiko mwingi, maana fedha zinatoka kwa mwenyeji ilhali jina linatoka kwa mtumaji. Hungaria ina ufadhili wa serikali uitwao Stipendium Hungaricum, ulioanzishwa mwaka 2013, na Urusi, kama Kenya, ni mojawapo ya nchi washirika. Mwanafunzi hutuma maombi katika mfumo wa Hungaria, lakini bila kuteuliwa na wizara ya nchi yake maombi hayo hayaendi popote. Kuna kalenda mbili zinazokwenda sambamba, ya Budapest na ya Moscow, na aliyekamilisha moja akaisahau nyingine amejitoa mwenyewe. Posho ya uzamili ni forinti 43,700 kwa mwezi, kiasi kinachoishia kwenye chakula cha wiki chache. Kinachofanya ufadhili huo uwe na maana ni kwamba ada imefutwa na kuna chumba cha hosteli au mchango wa pango. Mwanafunzi wa uzamivu hupata forinti 140,000 katika nusu ya kwanza ya masomo na 180,000 katika nusu ya pili, jambo linaloonyesha wazi nchi hiyo inamtaka nani zaidi.

China nayo ina njia mbili ambazo watu huzichanganya. Njia ya kwanza ni ya makubaliano ya nchi kwa nchi, ambapo wizara ya Urusi au ubalozi wa China ndio unaopeleka majina. Njia ya pili ni ya chuo, ambapo mwombaji anawasiliana na chuo chenyewe na chuo ndicho kinachompendekeza kwa baraza la ufadhili la China. Posho ni ileile, yuani 3,000 kwa mwezi kwa uzamili na 3,500 kwa uzamivu, pamoja na hosteli na ada, na umri haupaswi kuzidi miaka 35 kwa ya kwanza na 40 kwa ya pili. Tofauti iko katika ushindani na katika maandalizi. Anayepitia chuo anahitaji profesa aliyemkubali kabla, na barua ya profesa huyo, inayopatikana kwa kuandikiana kwa miezi, ina uzito kuliko mengi yaliyomo kwenye fomu. Kwa Warusi kuna pia mlango wa karibu zaidi: huko Shenzhen kuna chuo kikuu kilichoanzishwa kwa pamoja na Chuo Kikuu cha Moscow na Taasisi ya Teknolojia ya Beijing, ambako mtu anaweza kusoma kwa Kirusi akiwa kusini mwa China.

Uturuki inaendesha ufadhili wa serikali uitwao Türkiye Bursları kwa waombaji wa dunia nzima, kwa kawaida kuanzia tarehe 10 Januari hadi 20 Februari; hakuna wizara inayoteua, umri ni chini ya miaka 30 kwa uzamili na 35 kwa uzamivu, na wengi huanza na mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki. Ndiyo njia rahisi kuieleza kuliko zote, kwa hiyo siendelei nayo.

Mtumaji wa tatu hayupo kabisa: mwanafunzi anajituma mwenyewe, na hapa ndipo Ulaya ilipoingia kwenye mtihani wa kisheria baada ya mwezi Februari 2022. Katika awamu ya tano ya vikwazo, iliyopitishwa tarehe 8 Aprili 2022, Umoja wa Ulaya ulizuia fedha za mipango yake zisiende kwa taasisi za Urusi zinazomilikiwa na dola kwa zaidi ya asilimia 50, na vyuo vikuu karibu vyote vya Urusi vimo katika kundi hilo. Watu wengi waliposikia habari hiyo walidhani mwanafunzi Mrusi naye amefungiwa. Sivyo. Kilichofungwa ni mkataba kati ya chuo na chuo, ule wa kubadilishana wanafunzi kwa muhula mmoja huku kila mmoja akibaki mwanafunzi wa chuo chake. Mtu binafsi anayeomba Erasmus Mundus kwa jina lake mwenyewe anaendelea kuruhusiwa, kwa sababu fedha zinakwenda kwake na haziingii kwenye akaunti ya chuo chake cha nyumbani. Posho yake ni euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24, ada imelipwa, lakini nauli, viza na gharama za kuanzia maisha hutoka humohumo kwenye posho.

Programu hizo zina sifa moja ambayo kwa wengine ni raha na kwa Mrusi imekuwa mtego: lazima usome katika nchi zisizopungua mbili. Chekia iliacha kutoa viza kwa raia wa Urusi, isipokuwa kwa makundi machache, tangu siku za mwanzo za vita, na Estonia iliamua katika kiangazi cha mwaka 2022 kutotoa tena viza na vibali vya ukaazi kwa Warusi kwa ajili ya masomo. Basi mwanafunzi anaweza kushinda ufadhili wa Umoja wa Ulaya, akasoma muhula wa kwanza Italia bila shida, kisha akakuta muhula wa pili umepangwa Tallinn, mji mkuu wa Estonia. Hakuna barua ya pongezi inayomweleza jambo hilo. Ni yeye mwenyewe anayepaswa kuifungua ratiba ya programu, kuangalia kila mji utakaomkaribisha, na kuwaandikia waratibu kabla hajaomba, awaulize kama wana mji mbadala. Ningekuwa na nafasi ya kumshauri mwombaji Mrusi kwa jambo moja tu, ningemshauri hilo.

Ujerumani imekuwa kwa miongo mingi mojawapo ya milango mikubwa kwao, hasa kupitia DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi lililozaliwa mwaka 1925 na kufungua ofisi Moscow mwaka 1993. Masharti yake ya kawaida yanafaa kujulikana na yeyote: shahada ya mwisho isiwe imepita zaidi ya miaka 6, na mwombaji asiwe ameishi Ujerumani kwa zaidi ya miezi 15 kufikia siku ya mwisho ya kupokea maombi. Sharti hilo la pili huwaponza wale waliohamia kwanza, wakakaa na ndugu huko, ndipo wakaanza kutafuta ufadhili.

Italia inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ufadhili wake hauendi kwa alama kwanza bali kwa hali ya kipato cha familia, na Warusi wengi wameukimbilia kwa sababu hiyo. Kila mkoa una mfuko wake wa haki ya kusoma, na mwanafunzi wa kigeni huomba sawa na Mwitalia: anapeleka hati za mapato ya wazazi na za mali ya familia, ofisi maalumu inazigeuza kuwa namba moja, na namba hiyo ikiwa chini ya kikomo cha mwaka huo anafutiwa ada na kupewa posho, na mara nyingine chumba na chakula. Mkanganyiko uko kwenye mali. Baada ya sheria ya mwaka 1991, familia nyingi za Urusi zilimilikishwa bure zile nyumba za ghorofa za enzi ya Kisovieti walizokuwa wakiishi. Kwa hiyo mwalimu mwenye mshahara mdogo kabisa anaweza kuwa na nyumba yake mwenyewe. Ofisi ya Italia haiulizi nyumba hiyo ingeuzwa kiasi gani. Inahesabu euro 500 kwa kila mita ya mraba iliyoko nje ya Italia. Nyumba ya vyumba viwili yenye mita 54 inaandikwa euro 27,000, iwe katikati ya Moscow au katika mji wa migodi huko Siberia. Utaratibu huu umewasaidia wa Moscow na kuwaumiza kidogo wale wa mbali, lakini faida yake ni kwamba unatabirika: mtu mwenye hati anaweza kupiga hesabu mwenyewe mezani kwake kabla hajalipa mfasiri. Na mfasiri ni gharama, maana kila hati ya mapato, ya ndoa, ya talaka na ya umiliki lazima ifasiriwe na kuthibitishwa, na aliyekuwa na baba asiyeonekana kwa miaka mingi anapaswa kueleza kwa karatasi kwa nini kipato cha baba huyo hakimo.

Sasa nije kwenye jambo zito kuliko yote, ambalo ni orodha ya mashirika "yasiyotakikana". Sheria hiyo ilipitishwa mwezi Mei 2015 na inampa Mwendesha Mashtaka Mkuu wa Urusi uwezo wa kulitangaza shirika lolote la kigeni kuwa ni hatari kwa dola, bila kupitia mahakama. Mrusi akishiriki katika shughuli za shirika hilo, mara ya kwanza hutozwa faini ya rubo 5,000 hadi 15,000, na akirudia linakuwa kosa la jinai ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka 4. Mwaka 2021 sheria ilipanuliwa ili imfuate raia hata akiwa nje ya nchi. Mwaka huohuo Bard College cha Marekani, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa mshirika wa Chuo Kikuu cha St Petersburg katika kitivo cha Smolny, kiliingizwa kwenye orodha. Mwaka 2023 kikafuata Chuo Kikuu cha Ulaya ya Kati, chenye makao Vienna. Mwezi Machi 2024 ikawa zamu ya Institute of International Education, taasisi inayosimamia ufadhili wa Fulbright kwa niaba ya serikali ya Marekani. Ubadilishanaji huo wa wasomi ulikuwa umefika Umoja wa Kisovieti tangu mwaka 1973, katikati ya vita baridi, na ukadumu nusu karne. Mwezi Juni 2025 ikaja British Council, na mwezi Julai Chuo Kikuu cha Yale.

Kupokea posho ni kushiriki? Kukaa darasani ni kushiriki? Kuweka jina la chuo kwenye ukurasa wako wa mtandaoni ni kushiriki? Sheria haikuchora mpaka, na ninaamini ukimya huo ndio unaotia hofu kuliko adhabu zenyewe, kwa sababu mwanafunzi anabaki akijihukumu mwenyewe kabla ya mtu yeyote kumhukumu. Aliyeanza masomo wakati chuo hakimo kwenye orodha anaweza kuamka katikati ya muhula na kukuta kimeingizwa. Hapo lazima achague kati ya kuacha, kuhamia chuo kingine, au kuendelea akijua kwamba safari ya kwenda kumwona mama yake mgonjwa imekuwa na uzito mwingine. Wanaowashauri wenzao kwa busara huwaambia waangalie orodha hiyo mara tatu: siku ya kuomba, siku ya kusaini na siku ya kukata tiketi ya kurudi likizo. Na huwaambia waangalie jina la anayelipa, si jina la chuo peke yake, kwani chuo kinaweza kuwa safi huku mfuko unaolipa umo kwenye orodha.

Kwa upande wa fedha, ufadhili umekuwa na kazi ya pili ambayo zamani haukuwa nayo. Tarehe 10 Machi 2022 Visa na Mastercard zilisimamisha shughuli Urusi, na kadi zilizotolewa na benki za huko zikaacha kufanya kazi nje. Siku mbili baadaye benki saba zikaondolewa kwenye SWIFT, mfumo wa mawasiliano unaotumiwa na benki kutuma fedha nchi hadi nchi, na nyingine zikafuata. Mzazi mwenye fedha mjini Samara hawezi tena kumtumia mwanawe ada mjini Leipzig kwa kubofya simu. Ujerumani humtaka mwanafunzi wa kigeni asiye na ufadhili aweke euro 11,904 katika akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo humpa euro 992 kila mwezi, na kwa Mrusi shida si kupata kiasi hicho tu bali kukifikisha kule. Barua ya ufadhili hulitatua hilo kwa mkupuo mmoja, maana inahesabiwa kuwa uthibitisho wa fedha na fedha zenyewe hazivuki mpaka wa Urusi hata mara moja. Ndiyo sababu siku hizi hata familia zenye uwezo zinagombea ufadhili, na ushindani umekuwa mkali kwa wale ambao bila huo hawana njia yoyote.

Mtihani wa lugha nao ulihama. ETS, shirika la mitihani la Marekani, ilisimamisha TOEFL, mtihani wa Kiingereza, na GRE, mtihani wa kuingilia masomo ya juu, nchini Urusi mwezi Machi 2022, na IELTS, mtihani mwingine wa Kiingereza, nao ukasitishwa. Rafiki yangu mmoja, mhitimu wa kemia kutoka Kazan, alilazimika kusafiri hadi Almaty, Kazakhstan, kufanya mtihani wa saa tatu. Aliniambia kwamba ada ya mtihani ilikuwa sehemu ndogo ya gharama. Nauli, malazi ya siku mbili na siku alizokosa kazini vilikula akiba yake ya miezi. Alifanya jambo ambalo namsifu kwalo: alifunga safari hiyo mwezi Agosti, kabla hata hajachagua programu, kwa kuwa alijua nafasi za Almaty hujaa mapema na matokeo yanadumu miaka 2.

Yeye ndiye aliyenionyesha pia cheti chake, na tulikaa nacho jioni nzima. Urusi ina madaraja manne tu yanayotumika, kuanzia 5 hadi 2, na 2 ni kufeli. Mwenye alama 5 katika angalau asilimia 75 ya masomo, na asiye na alama 3 hata moja, hupewa cheti chenye jalada jekundu. Wengine wote hupewa cha buluu. Cheti chake kilikuwa cha buluu kwa sababu ya alama 3 moja ya mwaka wa kwanza, katika somo la historia. Wastani wake ulikuwa 4.6. Ujerumani hugeuza alama za kigeni kwa kanuni moja: chukua alama ya juu kabisa, toa alama yako, gawa kwa tofauti kati ya alama ya juu na alama ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, ongeza 1. Kwake ilikuwa 5 kutoa 4.6, yaani 0.4, gawa kwa 2, ni 0.2, mara 3 ni 0.6, ongeza 1, ni 1.6, na kule 1.0 ndiyo bora kuliko zote. Uso wake ulibadilika. Alikuwa ameishi miaka minne akiamini kwamba jalada la buluu limemfungia kila kitu, kumbe kamati ya ng'ambo haioni jalada, inaona namba. Kwa kanuni hiyohiyo wastani wa 4.0, ambao nyumbani huitwa "vizuri", unageuka 2.5, na hapo ndipo programu nyingi za uzamili za Ujerumani zinapoweka kikomo chao.

Jina la shahada lenyewe pia hutatiza. Urusi iliingia katika Mchakato wa Bologna, makubaliano ya nchi za Ulaya ya kulinganisha shahada zao, mwaka 2003, ikakubali shahada ya kwanza ya miaka 4 na uzamili wa miaka 2, lakini haikuiacha kabisa shahada ya kale ya mtaalamu, inayochukua miaka 5 au zaidi na ambayo vyuo vingine vya nje huihesabu karibu sawa na uzamili. Mwaka 2022 serikali ilitangaza kuachana na Bologna, na kwa amri ya mwezi Mei 2023 vyuo vikuu 6, vikiwemo MISIS cha Moscow na Chuo Kikuu cha Tomsk, vilianza kujaribu mfumo mpya: elimu ya juu ya msingi ya miaka 4 hadi 6, kisha elimu ya juu ya ubobezi ya mwaka 1 hadi 3. Mhitimu wa mfumo huo atakapoomba ufadhili nje atapaswa kueleza cheti chake ni nini, na kiambatisho kinachoonyesha saa za kila somo kitakuwa na uzito kuliko jina lililoandikwa juu. Mizigo ya masomo ya Urusi huhesabiwa kwa vipimo 60 kwa mwaka, sawasawa na Ulaya, kwa hiyo kiambatisho kilichofasiriwa vizuri kinajieleza chenyewe.

Kwa wanaume kuna suala la jeshi, ambalo ofisi za ufadhili za nje hazilitaji kamwe. Kuahirishiwa utumishi wa lazima hutokana na kusoma katika programu yenye ithibati ya dola ya Urusi. Barua kutoka chuo cha mji wa Bologna nchini Italia au Nanjing nchini China haileti ahirisho hilo. Tangu tarehe 1 Januari 2024 umri wa mwisho wa kuitwa umepandishwa kutoka miaka 27 hadi 30, yaani umeufunika kabisa umri ambao watu husoma uzamili, na sheria ya mwaka 2023 inaruhusu aliyeitwa kwa njia ya kielektroniki azuiwe kutoka nje ya nchi. Kijana aliyemaliza shahada ya kwanza mwezi Juni, akisubiri masomo ya Septemba, anakuwa katika miezi mitatu ambayo hana chuo kinachomkinga.

Rafiki yangu wa Kazan alipata ufadhili wake katika jaribio la pili, kwa programu iliyopita Ureno na Ufaransa. Posho haikuweza kulipwa hadi awe na akaunti ya benki Ulaya, akaunti ilidai anwani ya makazi, na mwenye nyumba alidai amana kabla ya kumwandikia mkataba wa anwani hiyo. Urusi huruhusu mtu kutoka na fedha za kigeni zisizozidi thamani ya dola 10,000. Alishona mfuko ndani ya koti, akaweka humo euro 2,000 alizozinunua kidogo kidogo kwa mwaka mzima, na kwa wiki sita za mwanzo aliishi kwa hizo.